Makopo Matano Nyuma ya Ghala

Harufu ya oili chafu hunirudisha utotoni hata leo. Nikipita gereji pale Same nikainusa, nasimama kidogo, na mafundi hunitazama wakidhani nimepoteza kitu.

Baba yangu alikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge chini ya milima ya Upare, miaka ile ya Ujamaa. Meneja wa Kizungu alipoondoka alimwachia fimbo moja ya gofu na mipira miwili. Fimbo moja, msomaji wangu, kwa wachezaji wawili: baba, na rafiki yake fundi Saidi wa mitambo, mtu wa Songea. King'ora cha saa kumi kikilia, walikwenda kwenye kipande cha ardhi nyuma ya ghala, ambako walikuwa wamefukia makopo matano ya maziwa yawe mashimo. Nyasi hazikuota pale kwa ukame, basi fundi alileta oili iliyokwisha kutumika, wakaichanganya na mchanga kuzunguka kila kopo ili mpira uteleze vizuri. Baba akipiga, anampa fundi fimbo. Fundi akipiga, anairudisha. Mama alilalamika kwamba harufu ile haitoki kwenye shati hata ukimaliza mche mzima wa sabuni.

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi. Siku moja katika somo la siasa mwalimu aliuliza nani anajua ardhi iliyokaa bure, maana shamba la kijiji lilikuwa linatafutiwa mahali. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikaeleza kila kitu, mpaka idadi ya makopo. Nilitaka tu wenzangu wajue kuwa baba yangu ana kitu ambacho baba zao hawana. Darasa zima likanipigia makofi.

Baada ya siku chache kamati ya kijiji ilikuja, ikapima eneo kwa hatua, ikaamua pafanyiwe msaragambo. Kwetu Upare pembe ya msaragambo ikilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na nyumba isiyotoa mtu huchukuliwa sufuria. Mpiga pembe wa upande wetu, kwa kuwa ndiye balozi wa nyumba kumi, alikuwa baba.

Jioni ya kuamkia msaragambo nilimkuta ameketi kwenye kigoda, pembe magotini. Nilimwamkia.

"Marahaba, Nakunda," alisema. "Mwalimu amekusifu. Anasema unajibu vizuri."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hakuambiwa nilijibu nini.

Fundi Saidi akaingia. "Balozi, sema una homa. Apige mwingine."

"Sufuria za watu nimechukua mimi," baba alijibu. "Leo niugue?"

Alfajiri aliipiga mara tatu, kama siku zote. Nilijifunika shuka mpaka kichwani na bado nikaisikia. Makopo aliyang'oa mwenyewe, moja moja, akampa mama apandie vitunguu. Mvua zilipokuja, mahindi yaliota kila mahali isipokuwa kwenye yale madoa matano ya oili, na kila asubuhi nikienda shule nilipita hapo nikitazama chini.

Tangu hapo king'ora kikilia baba alikuja moja kwa moja nyumbani, na kila mtu akajua pa kumpata. Katibu wa kijiji alimtaka, majirani wenye kesi za mbuzi walimtaka, mama naye alikuwa na paa linalovuja. Ile saa moja nyuma ya ghala ndiyo pekee ambayo hakuna aliyekuwa akimwita, na mimi ndiye niliyeionyesha watu. Mara nyingi nilifungua mdomo niseme. Mdomo uleule mwepesi ukawa mzito, mpaka tukamzika.

Baadaye nami nikawa mwalimu. Ndipo nilipojua kwamba huwezi kumsifia mzazi jibu la mtoto wake bila kumwambia jibu lenyewe. Baba alijua jioni ile ile, pembe ikiwa magotini, na katika yote aliyoweza kuniambia akachagua kwamba ninajibu vizuri.