Maji ya Bati la Ghala

Shuleni nilifundishwa kwamba kampuni ya biashara iliingia pwani kununua na kuuza, ikaishia kuwa serikali. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani bila kulielewa. Nililielewa kwetu Chilangala, soko huria lilipoingia, kampuni ya korosho ilipotutawala bila hata bunduki.

Wakala wake alikuja na mizani na maneno matamu. Ghala la chama cha ushirika lilikuwa tupu, wazee wetu wakampangisha harakaharaka na hata kumpigia makofi. Wajinga! Huku kwetu maji ni ya mvua: yanatiririka kutoka kwenye bati hadi kwenye kisima cha saruji, na kwa desturi yetu maji ni mali ya mwenye bati. Ghala lile lilikuwa na bati kubwa kuliko nyumba zote kijijini, na kisima chake ndicho kilichotunywesha kiangazi kizima. Walipompa ghala walimpa na kisima. Hakuna aliyelifikiria hilo mpaka tulipokuta kufuli.

Hakutunyima maji, la. Alisema ni ya wateja wa kampuni. Ukiuza korosho kwa mwingine, teremka bondeni ukachote. Haukupita muda mrefu mwenyekiti wa kijiji akawa anamwendea kuuliza mkutano ufanyike lini. Ngoma za jando zikasogezwa mbele mpaka korosho ziishe. Waliogombania mpaka wa shamba walikwenda kuamuliwa palepale penye mizani, na kijana mwenyewe hata ndevu hazijamjaa!

Mama yangu aligoma. Korosho zake alizifungia ndani, akimngoja mnunuzi wa Tandahimba aliyeahidi bei nzuri zaidi. Kisha dada yangu akajifungua. Mzazi na kichanga hawaogeshwi kwa maneno, na safari ya bondeni ni ya kutoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Mama alijitwika gunia, nami nikajitwika jingine.

Tulimkuta wakala amekaa kitini, miguu kaiweka juu ya korosho za watu. Hakuinuka, hakusalimia. Alichezea ufunguo akitutazama. Nilitaka kumzaba kofi, mama akanishika mkono. Akatua mzigo wake, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu yule kijana, rika la kitinda mimba wa mama, akaenda kufungua kufuli.