Mkakao Ulionunuliwa kwa Kuku

Enzi za Mwingereza nilirudi Makuyuni likizo kutoka chuoni, nikiwa na tai moja shingoni na uchumi wa mwaka mmoja kichwani. Nilikuta kijiji kizima kimeamriwa kupanda kakao. Wenzetu wa Handeni walisamehewa, kwa kuwa kwao hata mahindi humea kwa kubembelezwa. Sisi tulikuwa na mto, na mto ndio uliotuponza.

Nilimweleza mama, mjane mwenye kishamba kimoja kando ya mto huo, jinsi kakao itakavyotuingiza katika soko la dunia.

"Hilo soko liko Korogwe au Mombo?" akauliza.

"Liko Ulaya, mama."

"Basi mzigo utaubeba wewe."

Siku ya uzinduzi, Bwana Shamba, Mzungu mwenye kaptula iliyonyooshwa kuliko tai yangu, alichagua kishamba cha mama. Alitaka kutuonyesha kwamba Serikali haiogopi udongo. Akapiga magoti, akapanda mche wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akapigwa picha. Mimi msomi nikapiga makofi. Wengine wote walishika tama kama wako msibani.

Kwetu, anayepanda mti wa kudumu ndiye mwenye ardhi iliyo chini yake. Mgeni aliyeazimwa shamba hulima mahindi na maharage kwa amani, lakini siku akichomeka mwembe, wenyeji humjia juu. Wazungu waliotangulia, walipotaka ardhi ya mkonge, walihitaji askari. Huyu alihitaji mche mmoja na maji kidogo.

"Endelea na makofi yako," mama aliniambia. "Shamba limekwenda."

Njia ya kulirudisha ilikuwa moja: kuununua ule mti mbele ya mashahidi. Mama alikimbia nyumbani, akarudi na tetea wake mnono, akamkabidhi Bwana Shamba huku jumbe wa kijiji akitazama.

"Pokea, Bwana. Mti sasa ni wangu."

"Ndiyo, mama! Mti yako! Asante sana!"

Akamkumbatia yule kuku, akatoa hotuba ndefu kuhusu shukrani za wenyeji, na kuku akamchafulia kaptula kabla hotuba haijaisha. Watu wakashangilia biashara iliyokamilika. Kuku alipikwa kwa jumbe. Bwana Shamba alionja kidari, jumbe akashughulikia yaliyobaki.

Kakao ya kijiji ilikufa karibu yote. Migomba iliyopandwa kuitilia kivuli ndiyo ikastawi, tukala ndizi kwa amri ya Serikali. Mti wa mama, kwa kuwa ulinyweshwa kama mgonjwa, ulizaa. Watoto walifyonza ute mtamu wa matunda yake, wakatema mbegu, yaani wakatema soko lote la dunia. Mimi chuoni nilikunywa kakao ya kopo kila jioni, nikiandika insha kuhusu faida yake kwa mkulima.

Kisha wenye mashamba ya mkonge jirani wakataka kufika mtoni. Akaja mpimaji na vigingi vyake hadi kishambani kwa mama, jumbe akimfuata nyuma amejikunyata. Nilikuwa likizo tena, nikiwa na hotuba niliyoiandaa kuhusu haki. Mama alinisogeza kando kama anayesogeza kigoda.

Mpimaji akaushangaa ule mti. "Huu ni wa nani?"

"Wa Serikali," mama alijibu bila kupepesa macho. "Bwana Shamba aliupanda kwa mikono yake. Na picha alipigwa. Ukiung'oa, kamweleze mwenyewe."

Jumbe alikohoa. Mpimaji aliutazama mti, akaitazama barabara ya kwenda bomani, akakusanya vigingi vyake. Mkonge ulipopandwa ulifika kwetu, ukapinda, ukazunguka.

Siku ile mpimaji alipotokomea, jumbe alisogea taratibu.

"Mama, mimi nilikuwa shahidi. Mti huu si uliununua?"

"Niliununua. Kuku si ulimla wewe?"

"Nilimla."

"Na mifupa ukaivunja?"

"Nikaivunja, mama."

"Basi ushahidi uliula wewe. Sasa unaniuliza nini?"