Herufi Nne za Theodosia

Mwaka 2009 Jeska alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, naye alikuwa karani katika ofisi ndogo ya viwanja mjini Muyinga. Watu waliorudi kutoka Tanzania walipofika mbele ya meza yake, swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo kila siku: jina lako lote ni nani? Neno "lote" alilitamka kwa mkazo, kama mwalimu anayeisubiri aya nzima.

Alikuwa na sababu. Alikimbia nchi akiwa na miaka minane na kukulia kambini Ngara. Baba yake aliitwa Kasiano Ntahomvukiye, lakini kadi ya chakula ilimwita Kasiano N., kwa kuwa mstari wake ulikuwa mfupi. Katika mtaa wao wa mahema walikuwamo akina Kasiano N. wanne, na mara mbili mahindi ya mzee yalichukuliwa na mwingine bila ubaya wowote. Mzee alipofariki hukohuko, waliochonga msalaba walinakili kutoka kwenye kadi. Jeska alichukua msumari akazikwaruza mwenyewe herufi zilizobaki, na kwa kuwa ubao ulimwishia, alizimalizia upande wa nyuma.

Aliporudi Burundi alisoma kompyuta Mushasha, huko Gitega, kisha akapata kazi Muyinga. Ofisi ilikuwa na mashine moja ya msaada. Ilikuwa nyeupe zamani, sasa rangi ya siagi, na mfumo wake endeshi ulikuwa wa miaka ya tisini. Programu ya viwanja iliandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka bila kuacha anwani. Kila mkazi alikuwa na visanduku vitatu kwenye skrini: jina, namba ya kiwanja, na kilima, yaani kijiji, anakotoka. Kisanduku cha namba kilifungwa kwa neno la siri, na neno hilo alilijua mtu mmoja tu, mkuu wa ofisi, Bwana Longino.

Makarani waliomtangulia Jeska walikuwa wamekata majina. Mjane mmoja wa Gashoho, Ntiranyibagira Theodosia, aliandikwa NTIRANYIBA THEODOSIA. Alipokuja kulalamika, mama huyo alicheka kwanza.

"Binti yangu," alisema, "jina langu kwa Kirundi ni kwamba Mungu hajanisahau. Wameikata, imebaki kwamba Mungu hajaniibia. Mimi sikuwa namshitaki."

Jeska naye alicheka, kisha akaandika jina lote palepale. Akaona haitoshi. Kwa wiki mbili alifungua faili za karatasi moja baada ya nyingine na kurudisha majina arobaini na sita yaliyokuwa yamekatwa. Jina moja, lililokuwa na majina mawili ya ubatizo, liliigandisha mashine nzima, ikabidi izimwe na kuwashwa upya. Jeska aliulaumu uzee wa mashine, akaendelea na kazi.

Mwezi uliofuata Bwana Longino aliiagiza programu imwonyeshe viwanja visivyo na mtu, ikamtolea thelathini na kimoja. Alifurahi, maana orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu, akaanza kuvigawa. Cha kwanza, namba 0117, alimpa kijana aliyeitwa Niyungeko Fredi.

Theodosia alifika kiwanjani kwake Gashoho na jembe lake akamkuta Fredi anachimba msingi. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye muhuri wa ofisi ileile. Hawakugombana. Waliketi juu ya matofali ya Fredi, wakasoma karatasi zote mbili, kisha wakaja pamoja mpaka Muyinga, na Theodosia akaweka jembe juu ya meza ya Longino.

Longino alimwita Jeska. Kwenye skrini, mbele ya jina la Theodosia, mahali pa namba ya kiwanja, palikuwa na herufi nne: OSIA.

Mkuu alisema kisanduku hicho hakifunguki bila neno lake la siri. Basi Jeska alikuwa amemwibia neno hilo, akafuta viwanja vya watu ili aviuze. Alisema bado hajaamua kama ataita polisi. Baada ya chakula cha mchana alimwita tena, akafunga mlango na kupunguza sauti.

"Bon, Jeska, mi niko mzazi. We saini hii barua, sema ulikosea kuandika. Majina iko mirefu sana, tunakata tena kama zamani, kazi unabaki nayo. Kesi inakwisha hapa hapa."

"Na Mama Theodosia?"

"Atangojea kiwanja ingine. Si amekwisha kungoja miaka kumi na tano?"

Jeska alirudisha barua mezani, kalamu juu yake. "Sisaini, Bwana Mkuu. Sikuiba, na majina sikati."

Siku ya tatu alipewa wito wa kufika Gitega mbele ya tume ya ardhi ya watu watatu. Mashine nayo ingepelekwa huko kwa gari. Kabla ya kuondoka Jeska aliomba jambo moja tu, nakala ya orodha nzima ya wakazi na viwanja vyao, na hilo hawakumnyima.

Gitega alifikia kwa shangazi yake, Paskazia, mtaa wa Musinzira. Shangazi alikuwa akichambua maharage, na alipoisikia habari yote alisema kwamba mtu hafungwi kwa ajili ya mkia wa jina la mtu mwingine. Asaini, arudi kazini, ale. Jeska alifungua nakala yake ya orodha. Alivuta ungo, akaanza kupanga maharage mezani, harage moja kwa kila herufi. NTIRANYIBA THEODOSIA, pamoja na nafasi ya katikati, ilikuwa maharage ishirini kamili. NTIRANYIBAGIRA THEODOSIA ilikuwa ishirini na manne. Alitenga yale manne ya mwisho, akayasoma: O, S, I, A.

Alipanga jina la pili na la tatu. Kila jina lililozidi ishirini lilikuwa limepoteza kiwanja chake, na lile lisilozidi, lililokuwa limekatwa kwa mazoea tu, lilikuwa salama. Shangazi aliacha kuchambua akawa anamhesabia.

Hapo ndipo alipokumbuka somo la Mwalimu Elias wa Mushasha. Elias aliwaambia kwamba kumbukumbu ya kompyuta ni kama mashamba yaliyopangwa mstari mmoja. Programu nzuri hupima kabla ya kupanda, na mifumo mipya hujitahidi kuweka uzio wa umuyenzi, ule mmea wa utomvu ambao kila Mrundi huupanda mpakani. Mifumo ya zamani haikuwa na uzio. Ukipanda kupita eneo lako, maharage yako yanaota kwa jirani, na jirani hajui. Yakizidi sana, yanaharibu mashamba yote, ndiyo maana mashine iliganda. Mwalimu aliongeza jambo ambalo wanafunzi hawakulitilia maanani: mwenye kulijua hilo anaweza kuvuka kwa makusudi, akapanda anachotaka katika shamba lililofungwa kwa kufuli.

Mwenyekiti wa tume alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Efrazia, mtu wa maneno machache. Longino alieleza shitaka lake vizuri, kwa adabu, na kumaliza kwamba neno la siri ni moja na liko kichwani mwake. Jeska aliomba aruhusiwe kukaa mbele ya mashine, na Longino akae upande wa pili wa chumba na neno lake. Kisha alimwomba mwenyekiti achague mkazi yeyote na namba yoyote.

Efrazia alichagua jina la Fredi, na namba 0003.

"Hiyo ni tangi la maji la kijiji," alisema Longino.

Jeska aliandika NIYUNGEKO FREDI, herufi kumi na tano pamoja na nafasi. Aliongeza nukta tano zikatimia ishirini. Kisha, ndani ya kisanduku hichohicho cha jina, akaandika 0003 na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kisanduku kilichofungwa, ambacho hakuna mtu aliyekigusa, kilibadilika mbele ya macho yao wote.

Mjumbe mmoja alicheka kwa pua. "Donc tangi iko ya Fredi. Gashoho yote watamuomba maji."

Longino alisogea akaitazama skrini kwa karibu. 

Efrazia alimgeukia Jeska. "Basi viwanja vile ulivifuta wewe, kwa kuandika majina marefu."

"Ndiyo, mama. Mkono ni wangu, nami nimeuonyesha. Lakini kosa si la majina. Majina haya yalikuwepo kabla ya mashine hii. Kisanduku ndicho kifupi."

"Mashine nyingine hatutapata mwaka huu. Kwa sasa kata majina, watu wapate viwanja vyao."

"Nitaandika kwa mkono," alisema Jeska. "Wote, mia nne na kumi na wawili, kwenye daftari. Mashine ibaki na namba zake tu. Na iwapo tume itaamua majina yakatwe, itafute mwingine wa kuyakata."

Efrazia alimtazama, akatazama mashine ya rangi ya siagi, akaandika. Namba 0117 irudi kwa Theodosia na viwanja vingine vyote kwa wenyewe, Fredi apewe kiwanja kisicho na mgogoro, na majina yasiingizwe tena katika programu ile. Jeska naye alipewa karipio la maandishi kwa kubadilisha kumbukumbu bila idhini. Alipoambiwa alitie saini, alikataa hilo pia, na mpaka leo limo ndani ya faili lake bila saini.

Kazi ya daftari ilimchukua wiki tano. Karatasi mpya ya Theodosia ilijazwa ofisini Muyinga, mwenyewe akiwa amesimama hapo na jembe lake. Fomu ilikuwa ileile ya zamani, yenye mstari mfupi wa nukta. Jeska aliandika NTIRANYIBAGIRA, akaanza THEODOSIA, na kufikia herufi D mstari ulikuwa umekwisha. Aligeuza karatasi kidogo akaendelea kupanda na ukingo wa kulia, herufi moja juu ya nyingine: O, S, I, A.

Longino alishika muhuri hewani. Mahali pa muhuri palikuwa pamejaa jina.

"Sasa mi nipige wapi?" aliuliza.

"Piga nyuma," alisema Jeska, akaigeuza karatasi.

Longino akapiga.