Tawi la Njia ya Chemchemi

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika stashahada kabla yangu. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili; nilibeba zege Maskati, nikajilipia chuo, nikarudi mtaalamu wa maabara ya maji. Nyumba yangu ya Zinga nimeijenga mwenyewe. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hayakunifaa kitu.

Mama mdogo, aliyenilea, aliishi vilimani, mbele ya Msata, katika kijiji kinachokunywa maji ya chemchemi moja. Yeye ndiye aliyelaza tawi. Mvua za masika zikianza tu, alikata tawi bichi akalilaza katikati ya njia ya chemchemini, na hakuna mwanamke aliyelivuka na ndoo mpaka majani yote yakauke, yapukutike. Siku hizo walikinga maji ya mvua mapaani. Walisema mwenye chemchemi anaoga.

Nilikwenda kiangazi na sanduku langu la vipimo. Wanawake wakanizunguka.

"Haya, Bwana Maji, kichupa chako kimekwambia nini?" mmoja akanitania.

"Anangoja kimwamkie kwanza," mwingine akadakia, wakacheka.

Siku ya pili nilikuwa na jibu: hakuna kijidudu hata kimoja. Nikaandika karatasi, nikatia sahihi, nikaibandika mlangoni mwa msikiti. Kisha nikasema mbele ya wote kwamba tawi lile ni ujinga, maji yaliyopimwa hayamngoji mtu aoge.

Mama mdogo hakubishana. "Mwanangu kasoma," aliwaambia wenzake. "Mwaka huu silikati."

Nilirudi Zinga nikimsimulia kila aliyetaka kusikia, na asiyetaka.

Chuoni tulifundishwa kwamba chemchemi ya mlimani hupimwa kiangazi na hupimwa tena masika, kwa kuwa mvua za kwanza huteremsha kila kilicholala mteremkoni, kinyesi cha mifugo na cha watu. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikapata alama zote. Lakini sikurudi kupima.

Masika yalipoingia nilipigiwa simu: mama mdogo anaharisha, hata uji haukai tumboni. Nilimkuta zahanati, dripu mkononi, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na sanduku lako?"

"Ninalo."

"Basi kapime. Mimi nipo."

Nikashuka chemchemini. Maji yalikuwa maangavu vilevile kama ya kiangazi. Kesho yake kisahani changu cha kuoteshea vijidudu kilijaa madoa yasiyohesabika. Nilikimbilia zahanati nacho mkononi. Alikuwa amefariki tangu alfajiri.

Nilikwenda msikitini kuibandua karatasi. Sahihi yangu haikuwa imefifia hata kidogo.

Nyumbani kwa marehemu, wanawake walikuwa wakikusanya ndoo za maji ya kumwosha maiti. Yule mtani wangu akanisogelea, utani umemwisha.

"Kaka, maji ya kumwoshea tukayateke wapi?"

Mapipa ya chini ya mapaa yalikuwa makavu, yamefunikwa. Mwaka ule hakuna aliyekinga mvua, kwa neno langu. Nilisimama na karatasi mkononi. Wakabeba ndoo zao wakashuka, kwa njia isiyo na tawi.