Mzee Aliyenasa Ukutani Kwangu Alikuwa Mimi

"Weka hiyo mashine chini kabla sijakuvunja mkono."

"Nivunje," nikamwambia. "Ukinivunja leo, na wako unapinda hapo hapo ulipo."

Mzee alijua nasema kweli.

Mimi nikimpiga, anaumia peke yake. Yeye akinipiga, tunaumia wote. Tangu nizaliwe sijawahi kupata ugomvi mtamu kama ule.

Kwa sababu huyo mzee alikuwa mimi.

Cheka tu. Ukimaliza, endelea kusoma.

Asubuhi ile nilisikia mtu anapiga mayowe nyuma ya nyumba. Nikatoka mbio na nyundo, nikamkuta mzee mwenye mvi, kovu langu la kidevuni, na vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimezama ndani ya tofali kama vilijengewa.

Nikamvuta. Yeye akatoka, vidole vikabaki.

Mke wangu ni mshonaji, hana woga wa damu. Alimfunga kitambaa, akampa pole, akamwita baba mdogo. Alidhani ni ndugu wa baba yangu, tulivyofanana. Kisha akarudi kwenye nguo zake.

Mimi nikabaki kuambiwa mambo.

Huko mzee anakotoka, miaka mingi mbele, ule ukuta ulishabomolewa. Akilini mwake pale ni uwanja mtupu, akasahau kwamba kwangu ukuta bado upo. Na hapo alikuwa na bahati. Waliomtuma walimwonya kwamba dunia haitulii, inakimbia muda wote, kwa hiyo hesabu ikikosewa kidogo tu unaibukia hewani, au chini ya udongo ambako hakuna wa kukuvuta.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Siku zile nilikuwa na kazi ya mhandisi mmoja, sanduku la chuma alilodai litamrudisha mtu miaka ya nyuma, lile lile lililokuja kumleta mzee. Nilimwona hamnazo, lakini kazi ni kazi. Vijiti vyangu vya kuchomelea vikaishia kwenye sanduku lake, ndiyo maana vyuma vya kushikia vya ngazi ya nyumbani nilivishika kwa nukta tu. Nukta juu, nukta chini. Ukivitazama vimesimama. Ukivilalia vinaachia.

Mzee akasema ndivyo vitakavyomuua mke wangu. Atateleza, atavishika, vitashuka naye hadi chini. Leo, kabla jua halijazama.

Sikuuliza mara mbili. Nilikimbia kuazima vijiti kwa fundi wa jirani, nikawasha mashine, nikaanza na nukta ya kwanza.

Nilipoinua kioo cha kukinga macho nimtazame mzee, niliona ngazi kupitia tumboni mwake.

Alikuwa anapauka. Akajiangalia, akaruka, akachomoa waya.

Hapo ndipo tulipoanza kutukanana.

Alikuwa na maneno mengi. Mke wangu asipokufa, yeye hana sababu ya kupanda lile sanduku. Asipopanda, hayupo. Asipokuwepo, nani ameniambia habari za vyuma? Basi vitarudi kuwa vya nukta, na mke wangu ataanguka vile vile.

Ukisikiliza haraka unaona kama ana akili. Mimi nilimwona muoga tu.

"Umekuja kumwokoa," nikamuuliza, "au umekuja kukaa naye?"

"Nimeishi bila yeye miaka mingi kuliko umri wako. Wewe unamsemesha kama mteja msumbufu."

"Huyo ni wewe."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukutazama."

Nikamzaba kofi. Lilimwingia vizuri. Nikainama kuuchomeka waya, akaukanyaga, nikamsukuma, akaning'ang'ania shati. Watu wawili wenye uso mmoja, kila mmoja anadai mwanamke ni wake.

"Mmemaliza?"

Mke wangu alikuwa juu pale, kwenye kichwa cha ngazi, beseni kiunoni. Alikuwa amesikia yote.

Nikamwambia arudi nyuma, asikanyage hapo.

"Sasa ndiyo unaniambia?" Hakupandisha hata sauti. "Nimeshuka na beseni la maji, nimepanda na beseni la maji. Mara zote mko hapo chini mnabishana nani abaki. Mko wawili, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniambia nisipite."

Nikasema namalizia sasa hivi, dakika chache tu. Mzee naye akaanza kusema jinsi alivyomlilia miaka yote ile. Mke wangu akatusikiliza sote kwa uso ule ule, kama anasikiliza redio ya jirani. Akaweka beseni chini, akaingia ndani, akatoka na cherehani yake ya mkono na mfuko wa nguo.

Nikamgeukia mzee. Kama mke wangu haishi tena na hii ngazi, hataanguka. Nikasubiri ayeyuke, angalau nishinde hilo.

Hakuyeyuka. Alikuwa mzima kabisa, kuliko asubuhi. Nikaona hofu inamwingia machoni, macho yangu mwenyewe.

"Basi bado unakuja," akasema polepole. "Bado utapanda lile sanduku kumtafuta."

Wewe unayesoma, ukijua hatari inamfuata mtu wako, mwambie yeye kwanza. Mengine gombana baadaye.

Nilimwita mke wangu kwa jina ambalo ni mimi tu namwitia. Mzee naye alimwita kwa jina lile lile, kwa pamoja.

Alitutazama, akageuka, akaifuata veranda ya juu tunayochangia na jirani hadi mwisho, akashukia ngazi ya jirani.