Nishani Iliyosuguliwa Kila Idi

Mama yangu alikuwa amebakiwa na haja moja tu duniani: kulijua jina la baba wa bibi yake, ili kwenye hitima naye atajwe kama marehemu wengine. Kila mwaka mwalimu akishasoma majina ya marehemu wetu wote, humtia yule mzee mkiani: "na babu yao." Babu yao nani? Mama alikuwa akiona haya, mimi nikiona hasira.

Mzee huyo alimbebea Mzungu mizigo kutoka Bagamoyo hadi kwenye maziwa huko bara, kwa miguu, kwenda na kurudi. Akapewa nishani ya fedha, eti ndiyo shukrani. Akafa akaacha mke na binti anayenyonya. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, hata akiwa kaburini, na binti akalelewa kwa jina la mjomba. Basi, jina likapotea hivyo hivyo, watu wapo.

Mwaka huu akatupigia simu dada mmoja wa Dar es Salaam anayetafiti nishani za wapagazi, aliyesikia habari za nishani yetu. Akasema nyingi zilichongwa jina la mwenyewe ukingoni. Mama alilia kwa furaha. Siku ya mgeni kuja akavaa kanga mpya, akapika vitumbua vya kulisha mtaa mzima, akaitoa nishani kashani. Ilikuwa inang'aa hasa.

Yule dada akaizungusha chini ya kioo chake cha kukuzia, akarudia tena. Ukingo ulikuwa laini kama kijiko.

"Mama, huwa mnaisafisha kwa kitu gani?"

"Majivu na ndimu, mwanangu," Mama akajibu kwa fahari. "Kila Idi, pamoja na bangili na mrashi wa kunyunyizia marashi. Bibi alinifundisha nisugue zaidi ukingoni, ndiko uchafu unakojificha."

Uchafu wenyewe ndizo zile herufi za jina. Bibi hakujua kusoma maandishi ya Kizungu, Mama vilevile, na kwao fedha iliyofifia ni aibu ya nyumba. Mimi nilipoanza shule palikuwa hapana kitu cha kusoma.

Mgeni akainamisha kichwa. Mama akamtazama, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfuta?"

Nikamwambia hapana, ni bibi yake aliyeanza. Roho iliniuma, wallahi.

"Usimsingizie bibi yangu," akasema. "Yeye alikuwa na mikono ya kizee. Mimi ndiye niliyekuwa na nguvu."