Siku Niliyomwita Mwandishi Rahisi

Shoga zangu, aibu hii nawasimulia kwa sababu mmeshaisikia nusu, na nusu yenyewe ni ya uongo.

Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, ana kikundi cha akina mama wa Kizanzibari hapa ughaibuni, Barking, wanasoma vitabu, na safari ile walisoma riwaya ya mwanamke wa Kiarabu iliyofasiriwa kwa Kiingereza, habari ya mke anayesemwa na kila mtu, mume, mawifi, majirani, kila sura na msemaji wake, na yeye hapewi kusema "mimi" mpaka ukurasa wa mwisho. Mwandishi akakubali kuja maktaba. Bi Zuwena akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, Kiarabu si wakijua?" Nami (bi harusi mpya, namwogopa mpaka chai nakoroga bila kugonga kikombe) nikajibu, "Kidogo, mama."

"Basi utamshukuru wewe."

Usingizi ukanipaa. Nikajifariji: si maneno yetu mengi yametoka kwao? Siku yenyewe, Bi Zuwena mstari wa mbele anatabasamu, nikataka kusema kitabu ni rahisi kusomeka na mwandishi mwenyewe mtu rahisi, hana makuu, nikatamka kwa sauti, "Shukran! Kitabuki rakhis, wa anti rakhisa!"

Mama mmoja wa Kiyemeni akasema, "Astaghfirullah!" Kumbe kwao neno hilo ni lile la bei rahisi tu, na ukimwambia mwanamke ni tusi, tena ndilo tusi mume wa kwenye riwaya anamtukana nalo mkewe (mimi nimesoma ya Kiingereza, ningejuaje?).

Nikakimbilia chooni, nikajifungia, na nje nawasikia: "Ana wazimu?" "Kalelewa na nani?" "Maskini Bi Zuwena." Nikajiona nimo ndani ya kitabu kile, nasemwa na kila mtu. Nikafungua mlango, nikarudi mbele ya mwandishi, nikamwambia kwa Kiingereza: "Mimi ndiye niliyesema. Na mimi Kiarabu sikijui."

Mwandishi alicheka mpaka akafuta machozi. Bi Zuwena hakucheka. Ndani ya treni, tunakaribia kushuka, akanigeukia taratibu.

"Na ile dua uliyomsomea marehemu baba mkwe wako, ulimwombea nini?"

Tangu siku hiyo, nikiulizwa Kiarabu, nasema najua cha kusalia tu.